Babati: Kituo Kisicho na Reli

Neno "kituo" limezaliwa na kitendo cha kutua. Zamani wapagazi wa misafara walitua mizigo yao kando ya maji, wakapika, wakalala, wakapeana habari na wenyeji. Siku hizi watu hutua kutoka katika vyombo vya moto. Mjini Addis Ababa, tangu mwaka 2015, treni nyepesi za umeme husimama katikati ya barabara zenye watu wengi. Na Dar es Salaam, tangu mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka husimama vivyo hivyo katika Barabara ya Morogoro. Lakini je, ni reli ifanyayo kituo, au ni watu? Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, unaweza kutujibu.

Tutazame ramani. Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Reli ya Tanga ilipanda hadi Moshi, na wakati wa Waingereza ikafika Arusha mwaka 1929. Kati ya Arusha na Dodoma pakabaki pengo kubwa lisilo na reli. Babati imo ndani ya pengo hilo, baina ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko, katika nchi ya Wagorowa iliyoitwa Ufiome.

Ubaya wa pengo hilo ulionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Aprili 1916 askari wa Afrika Kusini, wakipigania Uingereza chini ya van Deventer, walitoka upande wa Arusha, wakapita Ufiome, wakaiteka Kondoa. Ndipo masika yakawakuta. Njia ikageuka matope, chakula kikakosa kuwafikia, na farasi wakafa kwa wingi. Adui aliwashinda kidogo. Mvua iliwashinda zaidi.

Baada ya vita Waingereza walitengeneza Barabara Kuu ya Kaskazini, kutoka Tunduma kupitia Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha hadi Namanga. Kwao ilikuwa sehemu ya ndoto ya kuunganisha Cape Town na Cairo chini ya bendera moja. Ndoto ilikuwa yao. Jembe na sururu vilishikwa na Waafrika. Na tangu njia ya Singida ilipokutana na barabara hiyo, Babati ikawa njia panda.

Hapa ndipo historia yatufunza jambo. Mkoloni aliijenga barabara kwa ajili ya utawala wake, lakini wananchi waliipa kazi nyingine. Wagorowa na Wairaqw, wenye lugha za Kikushi, walikutana hapo na Warangi na Wambugwe, wenye lugha za Kibantu, na Wabarabaig, wenye lugha ya Kiniloti. Watu wa nasaba tatu za lugha wangeuzianaje mahindi, ng'ombe na samaki bila lugha ya pamoja? Kiswahili kilipata kazi kituoni na sokoni, hata kwa mtu asiyepata kukaa darasani.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, barabara hii ilipata maana mpya. Hata hivyo msafiri aliendelea kula vumbi kiangazi na kukwama masika kwa miaka mingi. Mwezi Aprili 2018 ndipo lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa rasmi. Treni ya abiria ilirudi Arusha mwaka 2020, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kufika Dodoma. Pengo la kale baina ya reli hizo mbili bado linazibwa na basi.

Lami ni neema, wala hatuitamani tope. Lakini yatupasa kupima. Gari lililokwama lilimlazimu msafiri kulala, kula na kuzungumza na mwenyeji. Gari liendalo mbio humpitisha dirishani. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Basi mgeni asipotua, mwenyeji ataponaje? Mji unaopitwa tu hubaki na moshi na hatari ya ajali, huku faida ikienda mbele pamoja na abiria. Kwa hiyo mipango ya barabara na vituo haina budi kumhesabu mama auzaye ndizi na kijana apakiaye mizigo, kama inavyohesabu kilomita.

Walimu na wanafunzi wanayo kazi ya kufanya. Wazee walioijua barabara hii kabla ya lami wangali hai katika vijiji vingi. Wanafunzi wawaendee, wawaulize mizigo ilitoka wapi, nani alilala wapi, na lugha gani ilitumika, kisha wayaandike hayo kwa Kiswahili safi. Reli na lami huandikwa katika hesabu za serikali. Watu waliozifanya kuwa vituo wataandikwa na sisi, au hawataandikwa kabisa.