Betri za ndege na magari ya rimoti zisigeuke moto nyumbani

Anayenunua gari au ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti hudadisi kasi, umbali na bei. Ni nadra aulize kuhusu betri, ilhali humo ndimo hatari ilimo.

Zamani vifaa hivi vilitumia betri za nikeli, ambazo huvumilia uzembe mwingi. Siku hizi vingi hutumia betri za lithiamu-polima, maarufu kama lipo. Ni nyepesi na huhifadhi nguvu nyingi, ndiyo sababu ndege hupaa nazo. Hata hivyo, hazina gamba la chuma. Zimefungwa katika mfuko laini, na ndani yake mna kemikali zinazoshika moto upesi.

Kila seli ya betri hiyo huhesabiwa kuwa ya volti 3.7. Ikijaa hufika 4.2 na haipaswi kupita hapo, wala kushuka chini ya 3. Betri iliyoandikwa 3S ina seli tatu zilizofuatana, hivyo ikijaa huwa na volti 12.6. Tatizo ni kwamba seli hizo hazichakai sawasawa. Chaja isiyopima kila seli yaweza kuona jumla ya 12.6 na kuridhika, kumbe seli moja imejazwa hadi 4.4 na nyingine mbili ziko 4.1. Hiyo moja yatosha kuteketeza nyumba. Ndiyo kazi ya ile plagi ndogo yenye nyaya nyembamba, ambayo baadhi ya watu huipuuza kana kwamba ni pambo: huchomekwa kwenye chaja ili kila seli ipimwe peke yake.

Kiasi cha umeme nacho kina kipimo. Betri ya miliampea-saa 2200 huchajiwa kwa ampea 2.2, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Kuichaji kwa mpango wa betri za nikeli ni kuwasha moto kwa hiari.

Hatari huwa kubwa zaidi wakati wa kuchaji. Iondoe betri ndani ya kifaa, uiweke juu ya saruji, kigae au ndani ya chungu kisichofunikwa, mbali na mapazia na godoro, nawe uwe karibu ukiitazama. Kuiacha usiku kucha kando ya kitanda, hasa katika nyumba ya chumba kimoja yenye mlango mmoja, ni jambo lisilo na udhuru. Seli ikishapata joto kupita kiasi, kemikali zake hujichochea zenyewe na kutoa moshi wenye sumu. Watoe watu kwanza. Mchanga huzuia moto usienee. Maji mengi huipoza betri, mradi umeme uwe umezimwa. Moto ulioonekana kuzimika huweza kuzuka upya.

Ndege ikianguka, iache betri nje kwa muda hata kama haina alama ya kugongwa, kwani huweza kuwaka baadaye. Iliyofura haitumiki tena, wala haitobolewi ili itoe hewa. Fundi anayebadilisha plagi akate waya mmoja, aufunike, ndipo akate wa pili. Makasi yakigusa zote mbili kwa pamoja, cheche zake si za mzaha.

Betri isiyotumika kwa siku kadhaa ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli, mahali penye ubaridi, si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Msafiri wa ndege huzibeba betri za akiba katika mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kamwe si katika mizigo ya chini.

Iliyochakaa isitupwe kwenye jaa, ambako takataka huchomwa moto mara kwa mara. Mafundi huifungia balbu ndogo ya gari, wakiwa nje, hadi nguvu iishe kabisa. Kisha huzifunika ncha zake kwa utepe na kuipeleka kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki.