Bwawa la Kalemawe: Ukuaji wa Perege Wategemea Maji, Nyavu na Mbegu Sahihi

Bwawa la Kalemawe lipo katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, kwenye tambarare ya mashariki mwa Milima ya Upare, ukanda wenye kata za Maore, Ndungu na Kihurio. Maji yake ni sehemu ya mfumo wa Mto Mkomazi, unaoingia Mto Pangani. Kitoweo chake kikuu ni perege.

Samaki wa kupandikizwa huhitaji maji yanayomfaa. Trauti, aliyeingizwa katika mito ya milimani nchini Kenya mwaka 1905, hustawi penye baridi, chini ya nyuzijoto 20. Perege hukua vyema kati ya nyuzijoto 25 na 30, hivyo joto la tambarare ya Same linamfaa yeye zaidi.

Hata hivyo, joto pekee halitoshi. Dume huchimba kiota kwenye kina kifupi, na jike huatamia mayai na vifaranga mdomoni. Maji yakipungua kwa kasi wakati wa kiangazi, viota hubaki nchi kavu. Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya miteremkoni nao hupunguza kina cha bwawa. Kwa sababu hiyo, matuta na miti kwenye vyanzo vya mito ni kinga ya wavuvi pia.

Nyavu zenye macho madogo huvua samaki kabla hawajazaa. Wakubwa wakivuliwa mfululizo, au maji yakipungua na samaki wakasongamana, perege huanza kuzaa akiwa na umbo dogo. Hivyo, samaki mdogo wavuni si lazima awe mchanga, huenda amedumaa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinamtaka mvuvi awe na leseni, na zinakataza matumizi ya sumu, baruti na kokoro.

Jambo la tatu ni mbegu. Bonde la Pangani ni makazi ya asili ya perege wa Jipe, aliye katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Bonde hilo pia lilipandikizwa ngege wa Ziwa Victoria, ambaye huko kwao amepungua mno baada ya kuingizwa sangara na sato. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulibaini kuwa sato na perege wengine wageni wamezaana na perege wa asili katika bonde hilo. Machotara wakienea, aina ya asili hupotea bila mtu kutambua, na bwawa lililoongezwa mbegu ngeni haliwezi kurudishwa lilivyokuwa.

Kwa hiyo, mwananchi anayekusudia kupandikiza vifaranga bwawani, au kufuga samaki karibu na mito inayoliingia, anapaswa kwanza kumwona Afisa Uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya, ili ipatikane mbegu isiyohatarisha samaki waliopo.