Kinyozi Hajinyoi: Historia ya Nywele Zilizokatika

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuifafanua methali hii darasani kwa kusema kwamba hata fundi aliyebobea huhitaji msaada wa mwenzake. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba maana yake ya kwanza yahusu kichwa chenyewe: hakuna mtu aonaye kisogo chake. Katika makala haya twakusudia kuirudisha methali hiyo mahali ilipozaliwa, yaani kwenye nywele, na hasa kwenye zile nywele haba, nyembamba, zikatikazo kila ziguswapo na kitana, ambazo mwenyewe huzificha chini ya kitambaa.

Sababu ya kuandika tuitamke wazi. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa mojawapo tulilofundisha, msichana mmoja alisitasita kuvua kitambaa alichojifunga kichwani. Kanuni za shule zilikataza vitambaa. Tuliamuru, naye akatii. Chini ya kitambaa kile nywele zilikuwa zimekatika vibaya. Mahali pengine vilibaki vishungi tu, na mahali pengine ngozi ilikuwa tupu. Darasa zima lilicheka. Kwa siku tatu hakuonekana shuleni. Kosa lilikuwa letu wala si lake, na tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: uchungu wa nywele zilizokatika hutoka wapi, kichwani mwa mwenye nywele au machoni pa watazamaji? Katika kulitafutia swali hili jibu, hatukupata mfano ulio bora kuliko maisha ya dobi mmoja wa Marekani.

Vichwa chini ya amri

Dobi huyo alizaliwa Louisiana, jimbo la kusini ya Marekani, na yafaa tuanze na historia ya vichwa vya wanawake wa huko. Mwaka 1786, Louisiana ilipokuwa chini ya utawala wa Hispania, gavana Esteban Miró alitoa amri kwamba wanawake weusi waliokuwa huru wazifunge nywele zao kwa vitambaa. Shabaha yake ilikuwa kuwatenga na wanawake wa Kizungu, wasije wakafanana nao kwa mapambo. Wanawake wale walitii kwa namna yao: walijifunga vilemba vya rangi za kupendeza, hata kitambaa kilichokusudiwa kuwa alama ya unyonge kikageuka kuwa pambo.

Wenzao waliokuwa watumwa mashambani hawakuwa na nafasi hiyo. Afrika ya Magharibi, walikotoka wazee wao, ususi ulikuwa kazi ya heshima yenye zana zake na saa zake. Huko utumwani zana hazikuwapo na saa hazikuwapo. Wengine walichana nywele kwa vyuma vya kuchambulia sufi ya kondoo, wakazipaka mafuta ya kupikia, na siku ya kutengenezana vichwa ilikuwa Jumapili tu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, kitambaa kilibaki. Ilibaki pia fikira chungu kwamba nywele za singa ndizo nywele nzuri na za kipilipili ni mbaya. Kwa hiyo mwanamke ambaye nywele zake zilikatika alibeba mizigo miwili: ugonjwa wa ngozi na hukumu ya watu.

Dobi wa St. Louis

Sarah Breedlove alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 katika kijiji cha Delta. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa, naye alikuwa mtoto wao wa kwanza kuzaliwa katika uhuru. Alipofika umri wa miaka 7 alikuwa yatima. Aliolewa akiwa na miaka 14, akamzaa binti mwaka 1885, na alipokuwa na miaka 20 alikwisha kuwa mjane. Ndipo akahamia mji wa St. Louis walikokuwa kaka zake, nao walikuwa vinyozi. Huko akafanya kazi ya udobi kwa muda wa miaka mingi, kwa ujira wa kama dola moja na nusu kwa siku.

Katika miaka ya 1890 nywele zake zilianza kukatika na kunyonyoka. Tazameni kinaya cha mambo: dada wa vinyozi hana nywele za kuchana, na dobi ashindaye na mikono yake majini hana maji ya kukioshea kichwa chake. Maana sababu kubwa ilikuwa hiyo. Nyumba nyingi za maskini wa wakati ule hazikuwa na mabomba, na watu wengi waliosha nywele mara moja kwa mwezi, au chini ya hapo. Ngozi ya kichwa ikajaa mba na vidonda. Wakiosha, walitumia sabuni kali iliyokausha nywele zaidi. Ongezeni lishe duni, kazi ngumu na mashaka ya kila siku, nanyi mtaona kwamba nywele za Sarah zilikuwa zikieleza hali ya maisha yake yote.

Hakuwa peke yake. Maelfu ya wanawake walikuwa na maradhi hayo hayo, kila mmoja akiyaficha chini ya kitambaa chake na kudhani kwamba ni yeye tu. Methali yetu yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeumbuliwa hakufa, bali alizoea kuinamisha kichwa.

Maji kabla ya mafuta

Mwanamke aliyeanza kulivunja fumbo hilo mjini St. Louis ni Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone. Alifika mjini humo mwaka 1902, akawa anauza mafuta yake ya nywele nyumba kwa nyumba, na baadaye akayapa jina la Poro. Sarah alikuwa mmoja wa mawakala wake. Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, na mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, akaanza kuuza dawa yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker.

Mwenyewe alisimulia kwamba dawa hiyo aliipata ndotoni. Mwanamume mweusi mwenye umbo kubwa alimtokea na kumweleza vitu vya kuchanganya, na baadhi yake, alisema, vilitoka Afrika. Ndoto ni ya mwenye kuiota, nasi hatuna sababu ya kuikejeli. Mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kila kilicho cha Afrika ni kibovu, alitaka uponyaji wake utoke huko huko Afrika. Hilo nalo ni dawa.

Hata hivyo, vitu vyenyewe havikuwa vya ajabu. Ndani yake mlikuwa na vaselini, nta ya nyuki, mafuta ya nazi, mrututu kidogo, manukato, na zaidi ya yote kibiriti upele. Mwalimu wa Kiswahili aliangalie jina hili la mwisho. Lugha yetu iliita madini hayo kibiriti upele kwa kuwa watu walikwisha kujua kwamba yanafaa kwa magonjwa ya ngozi. Madaktari wa Ulaya na Marekani nao walikuwa wakiyatumia zamani. Hapakuwa na siri. Palikuwa na utaratibu. Kwanza kichwa kioshwe mara kwa mara, kisha ngozi ipakwe dawa na kusuguliwa taratibu, kisha nywele zitiwe mafuta zisikauke. Ngozi ikipona, nywele huota. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: katika habari hii, maji yalitangulia kweli kweli.

Tena utaratibu huo ulihitaji mikono ya pili. Wakala wa Walker aliingia nyumba ya mteja, akamketisha kitini, akamfungua kitambaa na kumwosha kichwa. Labda kwa miaka mingi hapana mtu aliyekuwa amekigusa kichwa kile bila kukicheka. Twaamini kwamba nusu ya uponyaji ilikuwa hapo.

Biashara ilikua. Mwaka 1910 Walker alihamia Indianapolis akajenga kiwanda, na maelfu ya wanawake waliokuwa madobi na wapishi wakapata kazi yenye kipato bora. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, mwenyekiti Booker T. Washington alikataa kumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho Walker alisimama bila kuitwa, akaeleza jinsi alivyotoka katika mashamba ya pamba, akapita kwenye udobi na jikoni, hata akajenga kiwanda chake juu ya ardhi yake. Mwaka uliofuata alialikwa rasmi kuhutubia. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake zaidi ya 200 mjini Philadelphia, na mwaka huo huo alikuwa katika ujumbe uliokwenda Ikulu ya Marekani kupinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa magenge. Alifariki tarehe 25 Mei 1919.

Hatutaki kumsifu kupita kiasi. Utaratibu wake ulitumia pia kitana cha moto, na wakosoaji wa wakati wake walisema kwamba anawafundisha wanawake weusi kuiga nywele za Kizungu. Yeye alikana, akasema kwamba shabaha yake ni afya ya nywele wala si kuzinyoosha. Twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya kweli. Biashara iliyoanzishwa na huruma ilifungua pia mlango kwa biashara nyingine zilizotegemea aibu.

"Wantu wazuri"

Katika miaka ya 1960 upepo uligeuka. Vijana weusi wa Marekani waliziacha nywele zao ziote kama zilivyo, wakazichana kwa shanuo zikasimama duara kuzunguka kichwa. Huo ndio mtindo wa afro. Kampuni ya Johnson Products ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilitengeneza mafuta ya mtindo huo yakaitwa Afro Sheen, na matangazo yake ya miaka ya 1970 yaliwasifu watumiaji kwa maneno ya lugha yetu: "wantu wazuri". Mwalimu yeyote angeipigia msitari mwekundu ile n. Lakini asiye na haraka ataisikia humo sauti ya abantu wa Luganda na ya lugha nyingine dada, atabasamu na kusamehe. Watu walionyang'anywa lugha zao walikuwa wakikitafuta Kiswahili ili wajiite wazuri.

Hata hivyo fahari hiyo nayo haikumfikia kila mtu. Mwenye nywele haba hakuweza kuotesha afro. Maduka yakamwuzia wigi la afro, na nywele za asili zikawa kitu cha kununuliwa.

Amri za kwetu

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, miaka hiyo hiyo, wigi lilishitakiwa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi, nalo likaanza kutekelezwa mwanzoni mwa mwaka 1969. Hapa Uganda, serikali ya Idi Amin ilikataza sketi fupi mwaka 1972, na mwaka 1974 ikapiga marufuku mawigi. Hoja ya kulinda utamaduni ilikuwa na uzito wake, kwa maana kujidharau ni ugonjwa. Lakini amri haikuuliza ni nani aliyevaa wigi na kwa nini. Aliyelivaa kwa kuiga na aliyelivaa kwa kuficha upara wa maradhi walihesabiwa kuwa wenye kosa moja. Tangu Miró hadi Amin, wenye mamlaka waliamuru vichwa vya wanawake bila kuvigusa.

Nasi, siku ile darasani, tulifanya vivyo hivyo.

Funzo kwa walimu

Elimu ya leo yatuambia mambo ambayo Sarah hakuyajua. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Ukipasuka haujiungi tena, hivyo matunzo yake ni kinga wala si tiba. Nywele za kipilipili hujikunja, na kila kikunjo ni mahali pepesi pa kukatikia. Tena mafuta ya ngozi hayafiki upesi kwenye ncha zake. Kwa hiyo zichanwe zikiwa na unyevu, kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Mafuta ya nazi ya bibi zetu yamethibitika kupenya ndani ya unywele na kuupunguzia udhaifu. Misuko inayobana hadi kuumiza hung'oa nywele za kipajini, na ikiendelea miaka mingi haziwezi kurudi. Dawa za kulainisha huunguza zikitumiwa ovyo. Mapunye ya watoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali, kwa kuwa ya kupaka peke yake haitoshi. Upungufu wa madini ya chuma huweza kunyonyoa nywele. Na mama aliyejifungua hupukutika baada ya miezi kama mitatu, naye asihofu, maana nywele hizo kwa kawaida hurudi.

Lakini hayo yote ni ya kichwa. Yaliyo ya moyo yanatuhusu sisi. Katika shule nyingi za nchi yetu wanafunzi hunyolewa, na mwalimu ndiye mtu wa kwanza kuona ngozi yenye mapunye au mahali penye upara. Amwite mtoto pembeni. Asimwamuru mbele ya wenzake. Amwambie kwamba jambo hili lina sababu, lina jina, na kwamba wengi wamelipitia, miongoni mwao dobi mmoja aliyekuja kuheshimiwa na taifa zima. Tena awafunze wale wengine kutocheka, kwani kicheko hakitibiwi kwa kibiriti upele.

Yule msichana alirudi siku ya nne, kitambaa kichwani. Safari hii hatukusema neno juu ya kitambaa, tulimwomba radhi. Kinyozi hajinyoi, wala mwenye aibu hajiondolei aibu peke yake. Yampasa apate mtu wa kusimama nyuma yake, mahali asipopaona mwenyewe, na kumgusa kwa upole.