Nani Alishika Kalamu? Habari za Hesabu za Mpira wa Kikapu, Ng'ambo na Kwetu



Kamati ya gazeti letu iliponiomba makala ya historia, bila shaka wengi walitegemea niandike juu ya wakuu wa shule waliotutangulia, au juu ya ujenzi wa mabweni. Hayo wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi nimechagua mpira wa kikapu, na hasa hesabu zake. Wale tuliosoma pamoja kati ya 1996 na 1999 watanikumbuka kwa jina la Karani. Nilikuwa mfupi mno kucheza, kwa hiyo nikapewa kaunta buku na kalamu, nikaambiwa niandike matokeo. Kwa kuwa hata leo kazi yangu serikalini ni ya mafaili, nakiri kwamba jina lile halikunionea.

Makala haya yana deni ndani yake, na heri nilitaje mapema.

Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu, tulikwenda Bunda kucheza na wenyeji wetu. Tulipanda lori pale Musoma alfajiri, tumesimama nyuma tukiimba njia nzima. Uwanja ulikuwa wa udongo mtupu, na pete zilikuwa za nondo zisizo na nyavu, hata ikabidi mara mbili refa aulizwe kama mpira ulipita ndani au pembeni. Katika timu yetu alikuwapo kijana mmoja, mwana wa mvuvi, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba hivyo. Wenzangu wa miaka ile mtamjua kwa mikono yake. Kufunga hakujaliwa sana. Lakini mpinzani akirusha mpira kuelekea kikapuni, mkono ule ulitokea usikotazamiwa ukaurudisha chini. Sisi tulikuwa tukisema, "Kampiga bloku." Siku ile ya Bunda aliwapiga bloku mpaka washambuliaji wao wakaacha kusogea karibu na pete, wakawa wanarusha kutoka mbali na kukosa. Tulishinda kwa pointi 3.

Jioni, ndani ya lori, nilifungua buku langu. Lilikuwa na safu tatu: jina, pointi, faulo. Mbele ya jina la ndugu yetu niliandika: pointi 4, faulo 3. Basi. Mtu aliyetupa ushindi alionekana katika karatasi yangu kama mchezaji wa kujaza nafasi.

Sikuliona kosa hilo siku ile. Nililiona miaka kadhaa baadaye, nami nitalirudia. Kwanza yafaa tuone jambo hili limekwendaje huko mchezo wenyewe ulikozaliwa.

Mpira wa kikapu ulianzishwa na mwalimu James Naismith mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Massachusetts, huko Marekani. Mchezo wa kwanza, kwa jinsi unavyosimuliwa, uliisha kwa goli 1 kwa 0, kwa hiyo karani wake hakupata taabu. Lakini kadiri vyuo vikuu vilivyouchukua mchezo huo, ndivyo vilivyoanza kuweka daftari za kila mchezaji, na daftari zile zilikua taratibu, safu moja baada ya nyingine. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya kukosa kikapu, ziliingia katika hesabu za taifa za vyuo kuanzia msimu wa 1950-51. Mipira iliyozuiwa, yaani bloku zetu zile, haikuingia mpaka msimu wa 1985-86.

Ndugu msomaji, tafadhali uitazame tena tarehe hiyo ya mwisho. Bill Russell aliichezea San Francisco, chuo kilichotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1955 na tena 1956, naye husemwa kwamba ndiye aliyeufundisha ulimwengu kuzuia. Ribaundi zake zinajulikana. Bloku zake za chuoni hazijulikani, kwa sababu hakuna aliyeamriwa kuzihesabu. Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mlinzi hodari wa pete, aliondoka Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1984, mapema kidogo kabla safu hiyo haijafunguliwa. Safu ilipofunguliwa, David Robinson wa chuo cha jeshi la majini alizuia mipira 207 katika msimu huo wa kwanza, na jina lake likakaa juu kabisa. Simpunguzii Robinson heshima yake hata chembe. Ninalosema ni kwamba yeye alimkuta karani mezani, na wenzake wawili hawakumkuta.

Sasa tuingie katika chuo kimoja, tuone daftari lake. Nimechagua Chuo Kikuu cha Connecticut kilichopo Storrs, katika jimbo linalopakana na lile la Naismith, na sababu ya kukichagua mtaiona. Katika daftari la wanaume la chuo hicho, mfungaji mkubwa ni Chris Smith, aliyecheza 1988 hadi 1992 na kufunga pointi 2,145. Pointi nyingi katika mchezo mmoja ni 51, alizofunga Bill Corley mwaka 1968. Donyell Marshall alifunga pointi 855 katika msimu mmoja wa 1993-94. Ray Allen aliingiza mitupo 115 ya pointi tatu katika msimu wa 1995-96. Taliek Brown, aliyemaliza 2004, alitoa pasi 722 za kuzaa vikapu. Na Art Quimby, aliyemaliza 1955, alidaka ribaundi 1,716, zikiwamo 40 katika mchezo mmoja.

Kijana wa leo akizisoma ribaundi hizo 40 atadhani watu wa zamani walikuwa majitu. Siyo. Zama hizo wachezaji walikosa vikapu zaidi ya wa leo, na pasipo kukosa hakuna ribaundi. Hesabu ni kweli, lakini hesabu bila habari za wakati wake humpotosha msomaji. Hili nalo tulitie akilini.

Katika safu ya mipira iliyozuiwa ya chuo hicho, majina mawili yanasimama peke yake, na yote mawili yana asili ya bara letu. La kwanza ni Emeka Okafor, ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Tangu 2001 hadi 2004 alizuia mipira 441 katika michezo 103: kwanza 138, kisha 156, kisha 147, na mwaka 2004 chuo chake kikatwaa ubingwa wa taifa. La pili ni la ndugu yetu Mtanzania, Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kusoma Makongo. Mpira wa kikapu alianza kuushika akiwa na umri wa miaka kama 15 tu. Alipokwenda Marekani alimalizia sekondari Texas, kisha akaingia Connecticut mwaka 2006, chini ya mwalimu Jim Calhoun, akiwa na kimo cha sentimita 221. Msimu wa kwanza alizuia mipira 118 katika michezo 31. Wa pili, 147 katika michezo 33. Wa tatu, 152 katika michezo 36. Jumla ni mipira 417 katika michezo 100 kamili, yaani zaidi ya 4 kila mchezo. Januari 2009, dhidi ya chuo cha Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mipira 10 katika mchezo mmoja. Mwaka huo timu ilifika nne bora ya taifa, na yeye mwenyewe akachaguliwa wa pili katika mgawanyo wa wachezaji wa NBA. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuingia NBA kabla yake.

Wapo wanaosema kwamba angalibaki mwaka wa nne angalimpita Okafor, kwa kuwa alipungukiwa na mipira 24 tu. Ni kweli, lakini haki itendeke pande zote: Okafor naye aliondoka baada ya misimu mitatu, akiwa na shahada yake mkononi. Ukigawanya kwa idadi ya michezo, Okafor anaongoza kwa unyoya. Tena, Thabeet hakung'ara NBA kama alivyong'ara chuoni; alicheza huko hadi 2014 kwa kuhamahama timu, mara nyingi akianzia benchi. Wapo wanaolitumia hilo kumdharau. Mimi nasema ile 417 haikuahidi chochote cha mbele. Ilisema tu kilichotendeka Storrs kwa miaka mitatu, na kilichotendeka kimetendeka.

Nilizisoma habari za mchezo ule wa Providence nikiwa Musoma likizoni, katika duka moja la intaneti. Nilipoiona ile safu ya mwisho, yenye namba 10, nilisimama nikatoka nje. Niliikumbuka Bunda.

Sasa narudi kwenye deni. Baada ya kumaliza kidato cha nne, rafiki yangu yule alisikia kwamba chuo fulani kinatoa nafasi chache kwa wanamichezo. Alinijia nyumbani akasema, "Mura, wewe ndiwe mwenye buku. Niandikie hesabu zangu." Nikakaa usiku kucha na kibatari, nikanakili michezo yote ya miaka yetu. Nikamtolea wastani: pointi 5 kwa mchezo, faulo 3. Niliupiga mstari kwa rula, nikajivunia usafi wa mwandiko wangu. Akaituma. Jibu halikuja. Siwezi kuapa kwamba karatasi yangu ndiyo iliyomfungia mlango, maana vijana walioomba walikuwa wengi. Lakini naweza kuapa kwamba karatasi ile haikuwa yeye. Aliyeisoma hakuambiwa kwamba kuna kijana Musoma ambaye wapinzani walimwogopa kuliko wafungaji wetu wote. Rafiki yangu akaingia ziwani kama baba yake, na hadi leo ukifika mwalo wa Mwigobero asubuhi utamkuta akipima dagaa.

Buku lenyewe nililirudisha shuleni, likawekwa stoo. Miaka ilipopita nililiulizia, nikaonyeshwa vumbi la mchwa.

Katika mkutano wetu uliopita tulikwenda pamoja Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu na makumbusho yake. Wengi wetu mara ya kwanza kusimama pale tulikuwa vijana wa kidato cha nne, Oktoba 1999, katika umati uliokuja kumzika. Safari hii palikuwa na utulivu, tukapata nafasi ya kutazama vitu vilivyohifadhiwa. Mtu akajua kwamba Mwalimu alianza shule Mwisenge mwaka 1934, kana kwamba ni jambo la jana, kwa sababu tu kumbukumbu zilitunzwa. Tulipokuwa chini ya miti tukinywa soda, mazungumzo yakageukia Bunda. Mmoja akasema bloku siku ile zilikuwa 9. Mwingine akaapa ni 14. Kelele zikawa nyingi. Ndipo mwenyewe akanigeukia, akicheka lakini si sana, akauliza, "Karani, uliandika ngapi?"

Nilimjibu mbele ya wote: "Sikuandika hata moja."

Wenzangu wakanishauri tukubaliane namba, tuseme 11, niiandike sasa ili ndugu yetu apate haki yake. Nimelifikiri shauri hilo mwaka mzima, na nalikataa kwa heshima zote. Mtu wa mafaili akianza kuandika namba asizozihesabu, hata zile za kweli alizoziandika zamani zitatiliwa shaka. Okafor ana 441 na Thabeet ana 417 kwa sababu kuna mtu aliyekuwa amekaa mezani akitia alama moja moja. Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na ulimwengu ukakubali, kwa sababu saa zilikuwapo. Sisi hatukuwa na mtu wala safu. Hatuwezi kuitunga leo.

Lakini tunaloweza kulifanya lipo. Ushahidi wa watu walioona nao ni kumbukumbu, mradi uandikwe kuwa ni ushahidi, usijifanye hesabu. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya kamati, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama mwenye buku, picha, cheti cha michezo, barua au hata fulana yenye namba, aje nayo katika mkutano ujao; nitakuwa na meza karibu na mlango, nami nitanakili na kumrudishia chake. Pili, tufungue daftari la chama, lenye sehemu mbili zisizochanganyika: yaliyoandikwa siku yenyewe, na yaliyosimuliwa na walioona, kila mmoja kwa jina lake na sahihi yake. Tatu, tuwanunulie vijana walio shuleni sasa daftari la kikapu lenye safu zote: pointi, ribaundi, pasi, mipira iliyozuiwa na mipira iliyoporwa. Gharama yake haifiki bei ya kreti mbili za soda tunazokunywa mkutanoni.

Ukurasa wa kwanza wa sehemu ya pili nimekwisha kuuandika. Unasema kwamba mwaka 1998, Bunda, mchezaji wetu mmoja aliwazuia washambuliaji mpaka wakaacha kuikaribia pete, na kwamba karani wa siku ile hakuhesabu. Nimetia sahihi yangu. Nafasi ya sahihi za wengine waliokuwamo katika lori lile nimeiacha wazi, na ya mwenyewe pia, akipenda jina lake lijulikane.