Waya uliochomoka na meli iliyopanda fungu

Hebu jiulize swali dogo. Ukiunganisha vifaa viwili kwa waya, kimoja kikawa kinaongea na kingine kinasikiliza, nani anahakikisha kwamba kinachosemwa ni cha kuaminika? Linaonekana swali la darasani tu. Lakini usiku wa tarehe 10 Juni 1995, meli yenye watu 1,509 ilipanda fungu la mchanga kwa sababu halikujibiwa vizuri. Ili tuelewe ilivyokuwa, turudi nyuma kidogo, wakati vifaa vya baharini vilipoanza kuongea.

Zamani kila kifaa kilikaa kivyake. Baharia alisoma dira, akashusha bildi kupima kina, akakadiria kasi, halafu akajumlisha yote mwenyewe kichwani na kwenye ramani. Vipimo vya kielektroniki vilipoingia, bildi ikawa skrini, lakini wa kujumlisha bado alikuwa mtu. Na hata ukitaka vifaa viambiane vyenyewe, ungekwama, maana kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kutuma habari.

Waliolishughulikia tatizo hili ni NMEA, chama cha Marekani cha watu wa vifaa vya kielektroniki vya baharini, kilichoanzishwa mwaka 1957. Mwaka 1980 kilitoa kiwango cha kwanza, NMEA 0180, cha kupeleka habari kutoka kipokezi cha redio ya kutafutia njia hadi kwenye mtambo wa usukani. Mwaka 1983 kikaja kile kilichodumu hadi leo: NMEA 0183.

Uzuri wake ni kwamba binadamu anaweza kukisoma. Habari hutumwa kama maandishi ya kawaida, na kila ujumbe huitwa sentensi. Sentensi haizidi herufi 82. Tuseme boti yako iko karibu na Mji Mkongwe, Zanzibar. Kipokezi cha GPS kitatamka kitu kinachoanza hivi:

$GPRMC,101530,A,0609.90,S,03911.40,E…

GP ni jina la msemaji, yaani GPS. Zinafuata saa (10:15:30), herufi A, halafu latitudo na longitudo. Usiipite haraka hiyo A. Maana yake ni "habari hii ni halali". Kifaa kikiwa hakiaminiki, mahali hapo hapo kitaandika V, yaani "tahadhari, usinitegemee". Herufi moja tu! Namba zinazofuata zinaweza kuonekana safi kabisa, lakini V imeshasema.

Sasa twende kwenye meli. Iliitwa Royal Majesty, meli ya watalii iliyoondoka Bermuda tarehe 9 Juni 1995 kuelekea Boston. Haikupita hata saa moja baada ya kung'oa nanga, kebo ya antena ya GPS ikachomoka kwenye antena yake. Kipokezi hakikuzima. Kilifanya kile kilichoundwa kufanya: kikaanza kukadiria. Kilichukua mahali pa mwisho kilipopajua, kikaongeza mwelekeo wa dira na kasi ya meli, kikatoa jibu. Mabaharia wamekadiria hivyo kwa karne nyingi. Shida ni kwamba hesabu hiyo haijui upepo na mkondo wa maji vinakusukuma wapi.

Kipokezi kilijitahidi kutoa taarifa. Kililia mara moja kwa muda mfupi, kikaonyesha herufi ndogo kwenye skrini yake, na katika sentensi zake za NMEA 0183 kikaweka alama kwamba habari si halali. Lakini mtambo wa usukani, uliotengenezwa na kampuni nyingine, haukupangwa kuiangalia alama hiyo. Ulichukua namba, ukaiacha tahadhari.

Kilichofuata kinashangaza zaidi. Mtambo ule ulikuwa na kinga yake: ulilinganisha mahali palipotajwa na GPS na makadirio yake wenyewe, ili tofauti ikizidi upige kengele. Kumbe sasa vyote viwili vilikadiria kwa dira ile ile na kasi ile ile! Lazima vikubaliane. Ni kama kumuuliza shahidi wa pili ambaye naye kasimuliwa na shahidi wa kwanza.

Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya saa 34. Mabaharia wa zamu walikuwa na kipokezi cha pili, cha mfumo wa Loran-C, lakini hawakulinganisha. Kengele ya kipima kina ilikuwa imeachwa kwenye mita 0, kwa hiyo isingelia kabla ya kugusa. Boya lililoonekana kwenye rada likadhaniwa ni lile lililotarajiwa, kumbe ni jingine. Meli ikapanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, ikiwa imepotoka njia kwa maili 17 za baharini, zaidi ya kilomita 30. Bahati nzuri hakuna aliyeumia, na siku iliyofuata ilivutwa ikatoka.

Utasema, si hiyo ni teknolojia ya zamani? Ni kweli, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaja kiwango kipya, NMEA 2000. Kimejengwa juu ya CAN, mtandao wa waya uliobuniwa na kampuni ya Bosch kwa ajili ya magari na kutambulishwa mwaka 1986. NMEA 0183 kwa kawaida huenda kwa biti 4,800 kwa sekunde, huku msemaji akiwa mmoja kwenye waya. NMEA 2000 huenda kwa biti 250,000, na vifaa vyote vinatumia uti wa mgongo mmoja. Vikianza kusema viwili kwa pamoja, mwenye ujumbe wa haraka zaidi huendelea na mwingine hunyamaza akisubiri zamu. Hata kuukagua ni rahisi: kila ncha ya uti wa mgongo ina kizuizi cha omu 120, hivyo ukizima umeme na kupima kati ya waya mbili za data, unapaswa kupata kama omu 60.

Lakini omu 60 zinakwambia waya uko sawa. Hazikwambii kama msikilizaji anajali msemaji anaposema "sina uhakika". Hilo halikutatuliwa na kasi.

Na usidhani ni mambo ya meli kubwa tu. Moduli ndogo za GPS ambazo wanafunzi huunganisha na Arduino bado hutoa sentensi zile zile za mwaka 1983. Programu nyingi za kujifunzia huzisoma latitudo na longitudo, zikairuka ile herufi.

Kwa hiyo ukimaliza kufunga vihisi vyako, usiishie kuona namba zinatokea. Boti ikiwa bado imefungwa gatini, chomoa kebo ya antena kwa makusudi, kisha tazama kila skrini na sikiliza kila kengele. Kama baada ya dakika chache hakuna kilichobadilika, umeshajua kitu ambacho Royal Majesty ilikuja kukijua juu ya mchanga.