Bisibisi ya Binti na Vyuma vya Hornby

Juzi nilikwenda Kariakoo kumtafutia mpwa wangu zawadi ya kutimiza miaka saba. Nikanunua gari la betri: linawaka taa, linapiga king'ora, likigonga ukuta linageuka lenyewe. Binti alilitazama dakika kumi hivi, kisha akaomba bisibisi alifungue. Dada akafoka: "Mtoto wa kike na bisibisi wapi na wapi!" Sikujibu, lakini usiku nikajikuta nasoma habari za Frank Hornby.

Huyu bwana alikuwa karani wa mfanyabiashara wa nyama mjini Liverpool, Uingereza. Hakuwa injinia hata kidogo. Watoto wake walipenda winchi za kuinulia mizigo, basi akawakatia vipande vya bati na kuvitoboa matundu yaliyoachana nusu inchi. Ujanja wote uko hapo. Kwa kuwa nafasi ya matundu ni ileile, kipande chochote kinafungwa na kingine kwa bolti na nati. Leo winchi, kesho daraja, keshokutwa lori, vyuma ni vilevile. Mwaka 1901 akapata hataza yake, na 1907 akakisajili kichezeo hicho kwa jina la Meccano.

Tena hakibembelezi mtu. Nati ikilegea, daraja linapinda. Gia ndogo ikiendesha kubwa, mtoto anaona mwenyewe mwendo ukipungua na nguvu ikiongezeka. Mimi jambo hilo nilikaririshwa ubaoni kidato cha pili, nikalisahau baada ya mtihani.

Kilichonikosha zaidi ni cha mwaka 1934. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walitaka mashine ya kukokotoa milinganyo migumu ya hisabati. Marekani, Vannevar Bush alikuwa ameshaunda moja, kubwa na ya gharama. Hawa wawili wakaunda modeli yao kwa vipande vya Meccano, kwa pauni 20 hivi. Wengi wangeona utani, lakini ikafanya kazi, na ikatumika kukokotoa mambo ya muundo wa atomu!

Ila doa lipo. Kwa miaka mingi Meccano ilitangazwa kuwa kichezeo cha wavulana. Hornby alifariki 1936, kiwanda cha Liverpool kikafungwa 1979, lakini wazo hilo la wavulana nimelikuta mzima sebuleni kwa dada yangu.

Jana nikarudi na bisibisi mfukoni. Nikachelewa. Binti alikuwa ameshalifungua gari kwa kisu cha mezani, mota kaichomoa, anatafuta namna ya kuifunga kwenye kopo la maziwa.

"Anko, una waya?"

Dada hajanisemesha mpaka leo.