Kodi ya majengo California: aliyewahi na aliyechelewa

Hebu tuanze na hesabu. Tuseme kuna nyumba mbili mtaa mmoja huko Los Angeles. Zinafanana vyumba, paa, mpaka ukubwa wa kiwanja. Ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1975 kwa dola 50,000. Ya pili ilinunuliwa mwaka 2015 kwa dola milioni 1. Bili ya kodi ya majengo ikija, mwenye nyumba ya kwanza anadaiwa kama dola 1,100 kwa mwaka. Jirani yake anadaiwa dola 10,000. Zimamoto ni wale wale, barabara ni ile ile, shule ya watoto ni ile ile.

Nyumba hizo nimezitunga mimi, ila kanuni inayotoa hesabu hiyo sijaitunga. Imo ndani ya katiba ya jimbo la California tangu mwaka 1978, na inajulikana kwa jina la Proposition 13. Ukiisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni njama ya matajiri tu. La hasha. Ilianza na watu wa kawaida walioogopa kupoteza nyumba zao, na woga wao ulikuwa wa kweli.

Turudi nyuma kidogo. Zamani mthamini wa kaunti, yule anayepanga thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, alikuwa na uhuru mkubwa. Nyumba za watu wa kawaida, ambao pia ndio waliompigia kura, alikuwa anazipangia thamani ya chini kuliko bei ya soko. Biashara zikabeba mzigo mkubwa zaidi. Haikuwa sheria, ilikuwa mazoea. Mwaka 1965 kashfa ikalipuka San Francisco: ikafahamika kuwa baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wananunua uthamini nafuu kwa hongo. Mthamini wa jiji hilo, Russell Wolden, akatiwa hatiani mwaka uliofuata.

Bunge la jimbo likaona huu ndio wakati wa kusafisha nyumba. Sheria ya mwaka 1966 ikaagiza mali zote zithaminiwe kwa kipimo kimoja, asilimia 25 ya bei ya soko. Kwenye karatasi ni haki tupu, nani angepinga? Lakini ile nafuu ya kimyakimya ya wenye nyumba ikafutwa. Kuanzia hapo bei ya soko ikipanda, kodi nayo inapanda.

Na bei ikapanda kweli. Katika miaka ya 1970 nyumba za California zilipanda bei kwa kasi ya kutisha. Sasa fikiria mstaafu anayeishi kwa pensheni. Thamani ya nyumba yake imeongezeka maradufu, lakini pensheni ni ile ile. Utajiri wake uko kwenye kuta. Huwezi kubandua tofali moja ukaenda nalo ofisi ya kodi. Ama ulipe, ama uuze nyumba uliyolelea watoto wako.

Majaribio ya kubana kodi hiyo kwa kura ya wananchi yalifanyika mwaka 1968 na 1972, yote yakashindwa. Serikali ya jimbo, chini ya Gavana Jerry Brown, ilikuwa imekalia akiba ya mabilioni ya dola, huku wabunge wakivutana bila kutoa nafuu ya maana. Hapo ndipo mzee mmoja mkali, Howard Jarvis, aliposhirikiana na Paul Gann wakakusanya saini zaidi ya milioni 1. Wabunge wakashtuka, wakaleta pendekezo lao la upole zaidi, Proposition 8, ambalo lingeruhusu nyumba anayoishi mwenyewe itozwe kiwango cha chini kuliko biashara. Walikuwa wamechelewa. Wiki chache kabla ya kura, mthamini wa Los Angeles akatangaza thamani mpya, na watu wengi wakaona bili zao zinaelekea kuwa mara mbili. Juni 6, 1978, karibu theluthi mbili ya wapiga kura wakasema ndiyo kwa Jarvis. La upole likaanguka.

Sheria yenyewe ni fupi. Kodi isizidi asilimia 1 ya thamani. Thamani irudishwe ile ya mwaka 1975, na isiongezeke zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hata bei ya soko ikiruka namna gani. Nyumba ikiuzwa, inathaminiwa upya kwa bei ya siku hiyo. Na bunge likitaka kupandisha kodi za jimbo, lipate kura theluthi mbili.

Mapato ya kodi ya majengo yalishuka kwa zaidi ya nusu. Wilaya nyingi za shule zilifuta masomo ya likizo ya majira ya joto mwaka ule ule. Gavana Brown, aliyekuwa ameipinga hoja hiyo, akageuka kuwa mtekelezaji wake hodari, akatumia ile akiba kuziokoa kaunti na shule. Ila anayekulipia ndiye anayekuamulia. Madaraka ya fedha yakahama kutoka mitaani kwenda Sacramento, makao makuu ya jimbo. Miji nayo ikajifunza ujanja: nyumba mpya hazileti kodi ya kutosha, bora maduka makubwa na wauza magari wanaoleta kodi ya mauzo.

Na wapangaji je? Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, maana neno kodi kwetu ni lile la serikali na pia lile la mwenye nyumba. Jarvis alikuwa mtumishi wa chama cha wenye majengo ya kupangisha Los Angeles. Wapangaji waliahidiwa kwamba kodi ya serikali ikishuka, kodi ya pango nayo itashuka. Wengi walisubiri mpaka wakachoka. Hasira hiyo ilichangia mji wa Santa Monica kupitisha sheria ya kudhibiti pango mwezi Aprili 1979.

Suala la haki lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Stephanie Nordlinger alinunua nyumba ya kawaida Los Angeles mwaka 1988 kwa dola 170,000. Akagundua analipa karibu mara tano ya majirani waliotangulia, na kwamba kodi yake inakaribiana na ya jumba la ufukweni Malibu lenye thamani ya zaidi ya dola milioni 2. Mwaka 1992 akashindwa, majaji wanane kwa mmoja. Sababu ya mahakama si ya kubeza: mnunuzi mpya anaijua kodi kabla ya kununua, akiona kubwa anaweza kuacha. Mkazi wa zamani hana nafasi hiyo, yeye tayari yuko ndani. Jaji Stevens peke yake ndiye aliyekataa.

Miaka 11 baadaye, Agosti 2003, bilionea Warren Buffett aliusema ukweli huo huo akiwa upande wa waliowahi. Alikuwa mshauri wa Arnold Schwarzenegger aliyekuwa anagombea ugavana. Akaliambia Wall Street Journal kuwa nyumba yake ya Omaha, yenye thamani ya kama dola 500,000, inalipiwa dola 14,401, na ile ya Laguna Beach, California, ya kama dola milioni 4, inalipiwa dola 2,264. Schwarzenegger akamjibu kwa utani kwamba akiitaja tena Proposition 13 atapiga mazoezi ya tumbo 500. Mjadala ukafa.

Kinga ile ile inazifunika pia kampuni. Kampuni haizeeki wala haihami, na inaweza kubadilisha wenyewe kidogo kidogo. Mwaka 2006 hoteli ya Fairmont Miramar ya Santa Monica ilinunuliwa na upande wa Michael Dell, wa zile kompyuta. Umiliki ukagawanywa asiwepo mwenye zaidi ya asilimia 50, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakubali kuwa kisheria hoteli haikubadilisha mmiliki. Huyo siye mstaafu wa mwaka 1978.

Mimi naona kosa la sheria hii liko kwenye kipimo. Ilitaka kumlinda asiye na uwezo wa kulipa, lakini haiulizi uwezo, inauliza tarehe ya kununua. Na njia nyingine ilikuwepo. Jimbo la Wisconsin tangu mwaka 1964 lilikuwa linawapa nafuu wazee ambao kodi ya nyumba ni kubwa mno ikilinganishwa na kipato chao. Mjane wa pensheni anapona, Buffett analipa.

Novemba 2020 wakazi wa California waliulizwa kama majengo makubwa ya biashara yatolewe kwenye kinga. Asilimia 52 wakakataa. Siku hiyo hiyo, kwa kura nyingine, wakakubali kubana nafuu ya urithi iliyokuwepo tangu mwaka 1986: mtoto anayerithi nyumba ya wazazi sasa lazima aishi humo ndipo arithi na kodi yake ya zamani. Hatua ni ndogo. Kijana anayenunua nyumba Los Angeles leo bado atafungua bahasha yake ya kodi na kukuta analipa mara kadhaa ya mzee wa mlango wa pili. Aliyepanga, kama hali ya wengi wetu mjini, hapati hata bahasha. Yeye analipa yote ndani ya pango.